Lori la Udongo pale Ihanja

Mwenye mtoto mmoja hulala na sikio moja wazi, na Yunisi wa Mtinko alilala yote mawili yakiwa wazi. Mumewe alikwisha kufa, akabaki na Isaka tu, kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumchokoza kidevuni. Na miaka ile ya Mwingereza ndiyo vijana walikuwa wakitoweka. Wakala wa mkonge alipita na lori lake, wakapanda wakiimba, wakavishwa kibati chenye namba shingoni, wakapelekwa mashamba ya Tanga. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli. Wengine walirudi wakikohoa. Wengine hawakurudi, na mama zao wakisikia gari hutoka nje hata kama ugali uko motoni.

Baiskeli ndiyo iliyomharibu Isaka. Kijana wa jirani alirudi nayo, ina kengele, akawa anapita mbele ya nyumba makusudi. Tangu hapo Isaka akawa hali akashiba, na jembe analishika kama mtu aliyeshikishwa. Yunisi alisema mpaka akachoka. Mchungaji naye akasema. Maneno yaliingia huku yakatokea kule.

Basi akasikia habari za Leonidas wa Ihanja. Huyu alikuwa manamba zamani, mashine ya mkonge ikamla vidole vya mkono wa kushoto. Aliporudi kwao akajenga mbele ya nyumba yake, kando ya barabara, lori zima la udongo na mavi ya ng'ombe, na ndani yake watu wa udongo, kila mmoja na sura ya kijana aliyepita pale akienda mkonge. Wasafiri walikuwa wakisimama kulitazama. Ilisemwa kwamba ukiliona, hamu ya safari inakutoka. Yunisi akajiambia hii ndiyo dawa. Kilichoshindwa kuingia sikioni kitaingia machoni.

Wakapanda gari la Mrisho, dereva wa tajiri mmoja wa mjini, aliyechukua karanga Mtinko na kuzipeleka stesheni kwa lori, akipitia Ihanja. Mrisho alikuwa mcheshi, ila alikuwa na sharti lake: hazimi injini njiani, maana hendeli ya kuiwasha ilishawahi kumvunja mkono. Hata Ihanja alisimama injini ikinguruma, akawaambia abiria watazame upesi.

"Na msije mkakosea mkapanda lile," akasema. "Lile halina breki."

Watu wakacheka. Yunisi hakucheka.

Taa za lori lile zilikuwa vitako vya chupa, jua likizipiga zinawaka kama macho ya fisi. Watu wa udongo walibanana goti kwa goti, midomo wazi, kama waliokatizwa wimbo. Kila mmoja alining'inizwa shingoni kibati kilichokatwa kwenye debe. Vingine vilitazama mbele, namba zinasomeka. Vingine vilikuwa vimegeuzwa, namba zimelala kifuani.

"Hawa waliogeuziwa ni nani, kaka?" Yunisi akamwuliza Leonidas, aliyekuwa ametoka nyumbani kuwalaki.

"Waliobaki huko, dada. Anayerudi lazima apite hapa. Namwuliza nani yu hai, nani amezikwa. Ndipo nageuza."

Yunisi akamtafuta mwanawe, aione hofu usoni mwake. Isaka hakuwa ubavuni pake. Alikuwa ameshapanda, amekaa nyuma kabisa, penye nafasi moja iliyoachwa wazi, mabega yake katikati ya mabega ya udongo. Nafasi ilimtosha sawasawa.

"Shuka, kijana," Leonidas akasema kwa sauti ya chini. "Hapo pana mwenyewe."

"Shikamoo, mzee. Mwenyewe nani?"

Leonidas hakuitikia shikamoo.

"Bado sijamjua," akasema.

Isaka akashuka, akaanza maswali. Njiani wanalala wapi, wanakula nini, wakala anapita lini, anachukua wenye umri gani. Leonidas akajibu yote, na mkono wake akauonyesha, akidhani anatisha. Nafsi ya Yunisi ilimwambia: huyu haulizi kama mwenye hofu, anauliza kama mtu aulizaye njia. Akaifukuza nafsi yake. Mzazi hupenda kuamini dawa aliyoitafuta mwenyewe.

Waliporudi, kijana alikuwa kimya, akalima vizuri. Mama akasimulia kisimani kwamba mwanawe amepona. Kisha asubuhi moja akakuta jembe la Isaka limeoshwa, limeegemezwa mlangoni kwake. Hakuita jina. Alijua.

Mrisho akampeleka tena Ihanja. Ile nafasi ya nyuma ilikuwa imejaa. Udongo ulikuwa bado mbichi. Masikio yalikuwa yale yale ya Isaka, yaliyosimama, na kidevuni Leonidas alikuwa amechora vindevu kwa kijiti.

"Nilisimama katikati ya barabara, wakala akanikwepa," Leonidas akasema. "Mwanao akanipungia mkono. Akasema, mzee, niweke pale pale nilipokaa." Akajipangusa udongo mkononi. "Nililijenga kuwatisha, dada. Siku hizi wanakuja kupima makalio."

Yunisi akakishika kibati. Kilitazama mbele. Akamwomba asikigeuze kamwe, lolote atakalosikia. Leonidas akamjibu kwamba hawezi kuahidi hilo, na akina mama wengine nao waliomba.

Mrisho ndiye akawa macho yake. Kila alipotoka stesheni, akifika penye njia ya kwa Yunisi alipiga honi: kibati bado kinatazama mbele. Siku za lori la Mrisho, Yunisi hakwenda kisimani wala kanisani. Mvua zikaja, honi. Uwele ukavunwa, honi. Majirani wakamwambia apumzishe moyo.

Mama mwenzangu unayesoma, usimpeleke mwanao kulitazama shimo ukidhani ataogopa kina chake. Wengine wanapima tu pa kuweka mguu.

Siku ile alikuwa anafagia uwanja. Alilisikia lori tangu mbali, likapita mtoni, likakaribia penye njia ya kwake. Honi haikulia. Yunisi akasimama na ufagio mkononi, akajiambia honi imeharibika, ndiyo mambo ya mashine. Lori likapunguza mwendo, likasimama.

Kisha Mrisho akazima injini.