Mvua ya Mkoa

Adela alitumbukiza vidole viwili kwenye udongo mkavu, akachimbua taratibu, akaikuta. Mbegu ya maharage, ngumu bado, na majivu ya kuhifadhia yameganda mgongoni. Aliipuliza, akaiweka kwenye ungo. Mbegu ya pili ya shimo lile ilikuwa ganda tupu; mchwa walikwishamaliza. Akasogea mbele shubiri moja, akapiga magoti tena.

Alikuwa kwenye mstari wa tano. Mistari yote ilikuwa kumi na saba, imenyooka, kwa sababu siku tisa zilizopita alipanda kwa kamba, akaivuta kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine na kupima kila shimo kwa shubiri. Leo kamba ile ndiyo ilimsaidia. Alijua kila shimo lilipo.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa. Kijiji chote cha Nyaishozi, mbali na ziwa, kilikuwa kimekauka. Migomba ya kibanja, lile shamba la kuzunguka nyumba, ilikuwa imekunja majani, kuku wamejilaza chini ya mibuni midomo wazi, na udongo ulichoma magoti kupitia kanga mbili. Mbegu alizopanda zilikuwa ndizo zote alizokuwa nazo. Mchwa wakizimaliza, asingekuwa na cha kupanda mvua ikija, wala cha kuweka chunguni hadi masika yapite.

Zamani hakuwa mtu wa kuamua siku ya kupanda. Mumewe, Rweyemamu, ndiye aliyeamua. Mvua ya kwanza aliiacha ipite, ya pili akaiacha. Ya tatu alitoka nje, akasimama uani hadi shati lishikane na mgongo, ndipo akarudi ndani na kusema, "Haya, toa mbegu." Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu wamzike upande wa chini wa kibanja.

Baada yake ilibaki redio. Jioni moja mwishoni mwa mwezi wa nane, sauti ya mwanamke ilisoma mwelekeo wa mvua za vuli. Ilitaja mikoa mmoja mmoja. Ilipofika Kagera, mkoa wao, ilisema joto kali litaendelea kwa siku chache, kisha mvua zitaanza mapema. "Mkulima, andaa shamba lako, upande kwa wakati." Haikusema wakulima. Ilisema mkulima. Adela alikuwa peke yake jikoni, sahani moja mbele yake, akajikuta ameitika, "Ndiyo."

Wiki iliyofuata mawingu yalikuja kweli. Manyunyu yalipita, yakatuliza vumbi tu. Akapanda. Kesho yake mbingu zilikuwa nyeupe, na hazikubadilika tena.

"Mama Jenifa! Wenzio tutavuna mwezi wa kumi na mbili, wewe umeshaanza?"

Alikuwa Deodatha, jirani yake, anatoka kisimani na ndoo kichwani. Alisimama kwenye njia, mkono mmoja kiunoni.

"Naona umechelewa, dada," Adela alisema. "Mimi nipo mstari wa sita."

Deodatha alicheka hadi maji yakamwagikia begani. Kisha akauona ungo vizuri, kicheko kikapungua.

"Unazifukua kweli? Mama mkwe wangu angekuwepo angekukemea. Ulichoipa ardhi huinyang'anyi."

"Haijala bado. Haina maji ya kumezea."

"Eh, wewe!" Deodatha alitikisa kichwa kidogo, kwa uangalifu wa ndoo. "Ni hiyo redio yako. Mume wangu Cleophace hana redio, lakini hapandi mpaka anyeshewe mara tatu. Nilimwambia, Mama Jenifa keshapanda. Akasema, mwache, labda ana habari zake."

Adela alitoa mbegu nyingine, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nilikuwa nazo," alisema. "Sijui nilizisikia vibaya."

"Ilidanganya, basi."

"Sijui."

Deodatha aliteremsha ndoo, akamimina maji kwenye kibuyu kilichokuwa kimelala kando ya shamba. Hakuombwa. Alijitwisha tena, akaenda zake. Adela alimfuata kwa macho hadi migomba ilipomficha. Kisha akawa hana wa kumjibu tena.

Mstari wa sita ulimpa nyingi nzima. Wa saba mchwa walikuwa wameupitia kama watu wanaofuata kamba. Alitenganisha kwenye ungo: nzima upande wa juu, zilizokunjamana upande wa chini. Zilizotobolewa aliziacha shimoni.

Katika mstari wa nane, kwenye bonde dogo ambako shamba lilikuwa limeinama, kidole chake kiligusa kitu laini. Akauvuta mkono nyuma. Aliondoa udongo kwa ncha ya ukucha, kidogo kidogo. Mbegu ilikuwa imevimba, imepasuka ubavuni, na kutoka kwenye ule mpasuko kulikuwa na mzizi mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele, unaelekea chini.

Alikaa kitako. Hiyo hakuitegemea. Mbegu kavu huweza kurudi kwenye majivu ikasubiri. Hii ikitolewa, jua litaiua kabla hajafika nyumbani. Ikiachwa bila mvua, itakufa hapo hapo, ila polepole. Akafukua shimo lililofuata. Nayo ilikuwa imeota mzizi. La tatu vilevile.

Alizirudisha zote tatu, akazifunika, akamwagia kila shimo maji kidogo ya kibuyu. Mistari tisa ilikuwa bado mbele yake, na sasa hakujua tena ndani yake mna nini. Akiifukua, huenda anaua zilizo hai. Akiiacha, huenda anawalisha mchwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya kilima, lakini joto halikushuka nalo. Alichomeka kijiti pale alipoishia, ili kesho asipapase.

Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Alikuwa Jenifa, binti yake, fundi cherehani kule Bukoba, mwaka wa tatu sasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unapiga kelele?"

"Siyo mimi, ni bati! Mvua huku, mama! Tangu juzi hatuaniki nguo. Huko si mnafurahi? Redio ilisema Kagera yote mapema."

Adela aliutazama ungo. Kagera. Bukoba iko ziwani, nayo Kagera. Kumbe yule mwanamke wa redioni alikuwa amesema kweli.

"Mama? Umeshapanda?"

"Nimepanda," alisema.

"Vizuri. Basi nikuache, wateja wamejaa kibarazani wanajikinga."

"Jenifa. Usikate."

"Kuna nini?"

"Hakuna. Isogeze simu mlangoni kidogo."

"Mlangoni? Ya nini?"

"Isogeze tu, mwanangu."

Kukawa na mkwaruzo, sauti ya mtu akicheka mbali, kisha maji: mengi, mazito, yakipiga bati na kumiminika kutoka kwenye mfereji hadi kwenye pipa. Adela aliibana simu sikioni. Mkono wake wa pili aliulaza juu ya udongo, uliokuwa bado wa moto, akatulia hivyo, akisikiliza.