Mechi ya Ishirini

...na kwa nini leo ameosha mikono mara mbili, Kisiki alijiuliza, amelala chali kwenye kitanda cha matibabu, macho darini, goti la kushoto mikononi mwa Dokta, siku zote huosha mara moja tu, tena harakaharaka, leo kaosha, kafuta, kaosha tena, kama mtu anayetafuta pa kuanzia, na mlango kaufunga mwenyewe, mlango ambao miaka minne yote huachwa wazi kwa sababu ya joto, "Legeza mguu," Dokta akasema, Kisiki akaulegeza, ila moyo akaukaza, maana jana aliona kwa macho yake, hakuhadithiwa, Dokta na mweka hazina wa klabu wamesimama kwenye ngazi, vichwa vimekaribiana, na yeye alipotokea wakanyamaza, mweka hazina akatabasamu, watoto hawajambo, shemeji hajambo, bwana yule ambaye salamu yake ni kunyanyua kidevu, jana anaulizia watoto, hapo ndipo Kisiki alipopiga hesabu... mechi kumi na tisa ameanza msimu huu, na mkataba unasema akianza ya ishirini mshahara unapanda kwa nusu na mwaka mmoja unaongezeka wenyewe, bila kikao, bila kumbembeleza mtu, na Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho, sasa wamfukuze ya nini, si atafutiwe goti tu, wiki mbili za mapumziko, karatasi yenye sahihi ya Dokta, kisha mkono wa kwaheri, na beki wa miaka thelathini na nne aende wapi... Dokta alikuwa akisema kitu kuhusu binti yake, jino la kwanza limeng'oka, kalifunga kwenye karatasi hataki mtu aliguse, Kisiki akacheka pale pa kucheka, huku akiwaza kwamba mshahara wa Dokta nao unapitia mkono uleule wa mweka hazina, na mtu mwenye mtoto mdogo hushikika kirahisi, yeye anao wawili, anajua pa kushikwa, "Kamwambie Dokta ukweli," mkewe alimwambia asubuhi, bila kugeuka, akipiga pasi sare za watoto, na hayo nayo aliyatilia shaka njia nzima, tangu lini yeye na Dokta wako upande mmoja, au naye kapigiwa simu... akajiona mjinga, lakini wazo lilikwisha jikalia, "Hapa panauma?" Dokta akauliza, kidole gumba kimezama chini ya goti, upande wa ndani, na hapo hapaumi hata chembe, panapouma ni juu, kwa nje, pale alipotua vibaya wiki iliyopita, na Dokta anapajua, alipagusa Jumatatu Kisiki akaruka kama kamwagiwa maji ya moto, basi leo kasahau... hajasahau, mtu huyu anakumbuka mpaka vidole vya miguu alivyoteguka misimu miwili nyuma, amepapita makusudi, mkono wake umeuzunguka ule uvimbe kama anayekwepa dimbwi, "Wanataka karatasi kabla ya saa sita," Dokta akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "nami nitaandika unachonijibu," na Kisiki, aliyekuja na maneno tele ya kumsuta, akayaacha yote, kumbe pale kwenye ngazi Dokta alikuwa akibanwa, kumbe mlango umefungwa kwa ajili ya Kisiki, na jibu lenyewe jepesi, tena la kweli, hapaumi, neno moja tu na mshahara unapanda... lakini sasa kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumshuku, goti likabaki peke yake, akalisikia, goti analolificha kwa kocha, linalomfanya ashuke ngazi za nyumbani kinyumenyume alfajiri kabla watoto hawajaamka, mkewe kayaona hayo, ndiyo maana hakugeuka, na kama litakatika Jumamosi mbele ya watu wote, ni sahihi ya nani itakayokuwa kwenye karatasi, ya baba wa yule binti... asubuhi nzima anamsaka mwongo katika jengo hili, na mwongo kajilaza hapa kitandani, kaptura imepandishwa mapajani, "Sogeza juu," akasema, "juu kidogo, kwa nje."

Dokta hakusogeza. "Nimekuuliza hapa, kaka," akasema, na kidole gumba kikabaki palepale, kikisubiri.