Dawa ya Kila Chafya

Mimi muuza dawa, na mwanangu hakuwahi kukosa dawa. Akipiga chafya tu, nilinyoosha mkono rafuni, nikachanganya unga wa antibiotiki na maji, nikampa kijiko. Mama mkwe alilalamika, "Mwache mtoto apambane na mafua yake." Nilimwona mshamba.

Sasa ana miaka minne na kifua chake kinapiga mluzi. Leo daktari aliniuliza kwa upole alikunywa antibiotiki mara ngapi kabla hajatimiza mwaka. Nikahesabu kwa vidole, vikaisha, nikaazima vya mtoto.

"Tumboni na kwenye njia ya hewa kuna vijidudu vyema," akasema. "Ndivyo vinavyoufundisha mwili usipigane na kila vumbi. Huenda tuliviua kabla havijamaliza kazi."

Alisema "tuliviua" ili kunistahi. Bora angenigombeza.

"Vinarudishwaje?"

"Vingine hurudi vyenyewe. Umri ule ndio haurudi." Akamwandikia dawa ya kuvuta.

Nikarudi dukani, nikamkalisha mtoto nyuma ya kaunta, mluzi wake ukisikika hadi mlangoni. Jirani akaingia na kichanga mgongoni, kamasi zinamchuruzika.

"Dada, nipe ile uliyokuwa ukimpa wako."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasonya.

"Kumbe una roho mbaya hivyo! Wako ulimpa, wangu unamnyima?"

Akavuka barabara, akaingia duka jingine la dawa. Kupitia kioo nikamwona muuzaji akinyoosha mkono rafuni.