Posa Iliyojibiwa Bungeni

Umeposwa, Agnes! Umeposwa mwenzangu, tena hadharani, na Serikali imekwisha kukujibia! Acha huo muhogo. Weka kisu chini kabla hujajikata, maana mkunga mwenye kidole kilichofungwa kitambaa nani atamtaka? Kaa. Si hapo, kaa huku kwenye mwanga niuone uso wako. Siku nzima nimebeba habari hii kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye upande wa khanga.

“Nani kaniposa?” unauliza, na tayari umeshika shingo. Taratibu. Wachumba wako ni kijiji kizima.

Unakumbuka mbunge wetu aliuliza maswali matatu? La kwanza la sheria: kwa nini hakimu haonekani kule mlangoni mwa Ruvuma, watu wanakaa na mashauri yao hadi yanaota ukungu. La pili la biashara: lini sabuni na khanga zitafika kwenye maduka ya vijiji vya ujamaa. La tatu la afya: lini kijiji cha Nakarumbi kitapata mkunga. Watu wanadhani waziri akisimama Bungeni jibu analichota kichwani mwake. Thubutu! Wizara inapiga simu mkoani, mkoani ndio sisi, na sisi ndio tunaopika. Waziri kazi yake kupakua.

Basi Ndugu Mathayo, mkubwa wetu, akagawa. La hakimu akalichukua mwenyewe, maana anapenda maneno mazito. La sabuni akanipa mimi. La mkunga akampa Elizabeti.

Elizabeti! Tumesoma naye chuo kimoja, tumelala bweni moja, na kote huko mimi ndiye niliyekuwa nikisahihishiwa insha kwa kalamu ya sifa. Nikajifungia na swali langu la sabuni. Nikalipa jibu lenye nyama, Agnes: malori mangapi, barabara ipi inakatika masika, akina mama wanavyofua kwa majivu ya maganda ya korosho mpaka mikono inapasuka. Nikajiambia, siku hili likisomwa, hata baba yangu kule Masasi atajua mwanawe yumo nchini.

Siku ya siku ofisi nzima ikabanana mbele ya redio. Likasomwa la hakimu: “Serikali itaendelea kuliangalia suala hilo.” Likafuata langu. Nikashusha pumzi, nikarekebisha kilemba, kana kwamba watu wa redioni wananiona. “Serikali inalitambua tatizo hilo na inalishughulikia.” Basi! Imekwisha! Malori yangu, barabara yangu, mikono ya akina mama, vyote vimekatwa kama mkia wa mjusi. Kisha la Elizabeti, neno kwa neno kama alivyoliandika: “Mheshimiwa Spika, mkunga wa Nakarumbi amekwisha kupatikana, na atakuwa kazini kabla ya mvua.” Wakapiga makofi, Agnes. Makofi ya Bunge zima, na kila kofi lilitua kwenye shavu langu.

Wivu haubishi hodi. Unaukuta umekwisha kaa kwenye kiti chako, umekunja nne, unakutuma chai. Tangu siku hiyo nikimwona Elizabeti anacheka nasikia ananicheka mimi. Akivaa gauni jipya, nalikagua mishono. Usiku ule ulipouliza kwa nini sili, nikakwambia jino. Halikuwa jino.

Sasa sikiliza ya leo. Asubuhi tumekaa, kila mtu na kikombe chake, tukasikia vigelegele barabarani. Ndugu Mathayo akadhani ni mapokezi ya kiongozi fulani ambaye yeye hakuarifiwa, akaanza kufunga vifungo vya kaunda suti. Tukatoka. Lori la korosho limesimama mbele ya ofisi, na juu yake wanawake, wameshonana kama magunia. Wakashuka wakiimba. Mmoja amebeba mkeka mpya, mwingine kuku, mwingine ungo wenye ubani na udi, na mbele yao mama mmoja mfupi, mkavu, amejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda kulima.

“Hodi wenyewe! Sisi watu wa Nakarumbi. Mimi Somoe. Tumekuja kumchukua mwali wetu.”

“Mwali gani, mama?” Ndugu Mathayo akauliza.

“Mkunga. Si mlijibu?”

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mimi mwenyewe nilicheka kwanza. Lakini wale hawakuja kufanya mzaha, Agnes. Kwao mambo yanakwenda hivi: mtu akipeleka posa, anangoja jibu. Jibu likija la kukubali, hakuna tena kuandikiana wala kukumbushana. Mnapanga siku, mnachukua mkeka, mnakwenda kumleta mwali kwa heshima zake. Mbunge wao alikwenda kuposa. Waziri akasema amepatikana. Wao wakaona posa imekubaliwa, tena mbele ya mashahidi wa nchi nzima. Je, ungekuwa wewe, ungeketi nyumbani?

Ndugu Mathayo akavaa sauti yake ya mkutanoni. “Ndugu zangu, jibu lile ni la kweli, lakini lina utaratibu wake. Mtumishi yule bado anafikiriwa.”

“Anafikiriwa?” Bi Somoe akawageukia wenzake. “Jamani, mmesikia? Tumeambiwa ndiyo, tumefika mlangoni, sasa tunaambiwa bibi harusi bado yumo tumboni mwa mama yake!”

Lori zima likaangua kicheko, hata dereva. Ndugu Mathayo akakohoa, akamtazama Elizabeti. “Bi Elizabeti, mkunga huyo ni nani hasa?”

Na hapo, mwenzangu, ndipo roho yangu ilipokula sikukuu. Kumbe Elizabeti alikwenda idara ya afya kuuliza. Wakamwambia yuko mkunga mmoja pale wodi ya wazazi, wamemwuliza kama atakwenda Nakarumbi, naye amesema atafikiri. Atafikiri! Elizabeti kwa haraka yake ya makofi akaandika amepatikana. Na mkunga mwenye kufikiri, unamjua ni nani. Ni wewe mwenyewe, kichwa chake hulala juu ya mto wako.

Jina lenyewe Elizabeti hakuliuliza. Jasho likamtoka juu ya mdomo, pale anapopaka poda. Nami nikasimama na kikombe changu, nikanyamaza. Nilijua jina lako na mahali unapokaa, nikanyamaza. Nikaona matunda mawili yananiangukia bila kutikisa mti: Elizabeti ataaibika mbele ya watu wote, na wewe utabaki hapa Chuno na mimi, tutaendelea kugombania mto na kuchangia mkaa. Nani asingenyamaza?

Bi Somoe akaacha kucheka. “Bwana mkubwa,” akasema, “sisi tulipotolewa kwenye mashamba yetu tukakusanywa kijijini, tuliahidiwa mambo matatu. Hakimu tumemsamehe, mashauri yetu tunayamaliza wenyewe. Sabuni tumeisamehe, tunaoga kwa majivu. Nyumba ya mkunga tumeijenga kwa mikono yetu, wanalala popo. Mtoto anayekuja, nani wa kumwambia Serikali inalishughulikia? Yeye hasikilizi redio.”

Maneno yangu hayo, Agnes! “Inalishughulikia.” Hata hayakuwa yangu, walinibandika tu, lakini yaliponirudia mdomoni mwa mama yule, nikayaona kama nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani.

Akamvuta mkono msichana mmoja aliyekuwa nyuma ya wengine. “Huyu Mariamu. Dada yake tulimpakia kwenye mtumbwi masika yaliyopita, tukimkimbiza huku mjini. Maji yalikuwa yamejaa, mikoko imeziba njia. Tukarudi tumemfunika khanga, yeye na mwanawe. Sasa tumbo ni la huyu.”

Mariamu akaona haya kutazamwa, akakaa kwenye ngazi, karibu na miguu yangu, akaomba maji. Nikampa kikombe changu. Akanywa, akanirudishia, halafu akanishika kidole, hivi, kama mtoto anayevuka barabara. Akaniuliza taratibu, wenzake wasisikie: “Dada, huyo mkunga si ndiye wewe?”

Agnes, laiti ungejua nilivyotaka kusema ndiyo. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nizaliwe. Nimeandika maneno ya kusomwa Bungeni nikitafuta mtu anitazame hivyo, nikapata makofi ya mwenzangu. Na wewe, uliyelala kitandani hapa unasema utafikiri, umetengewa macho yale, na mkeka, na nyimbo, na lori zima. Nikasahau kumwonea wivu Elizabeti. Nikakuonea wewe. Usinishike mkono, ngoja nimalize. Nilikuchukia kwa muda wa kumeza mate.

“Si mimi,” nikamwambia. “Mimi ni wa sabuni.”

Akacheka kidogo. Kisha uso ukamshuka, akaanza kukiachia kidole changu. Ni kule kuachia ndiko kulikonimaliza. Nikajisikia nasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye lori: “Lakini yupo! Anaitwa Agnes, anafanya kazi wodi ya wazazi. Ninakaa naye Chuno.”

Vigelegele vilivyopigwa, njiwa waliruka kwenye paa la ofisi. Elizabeti akakaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Ndugu Mathayo, unamjua alivyo, akanyoosha kaunda suti yake, akasema, “Ndiyo, ndivyo nilivyokuwa najaribu kueleza.”

Nikadhani yamekwisha. Bi Somoe akanijia na macho yake makavu. “Mama yake yuko wapi?”

“Kwao ni mbali, Bi Somoe. Upareni.”

“Na hapa mjini anapika na nani? Akiugua nani anamkanda?”

Nikasema mimi.

“Basi mama yake wewe.” Akafungua fundo la khanga yake ya ndani, akatoa kitambaa hiki. Kishike, ni kizito, kina fedha ndani. Mkaja, Agnes. Mkaja wa mama wa mwali, kwa ajili ya tumbo lililofungwa siku alipokuzaa. Nikamwambia, Bi Somoe, sisi ni watu wa kuja, ni Wakristo, na umri wangu na wake ni mmoja. Akasema tumbo halina dini, na kwamba aliyekuwa tayari kusema “yupo” ndiye aliyezaa.

Ndiyo, najua maana yake. Usinitazame hivyo. Nimesoma chuo lakini nimekulia kusini, najua mama akishapokea mkaja mwana ametoka mikononi mwake. Nilisimama na mikono nyuma. Nikafikiri juu ya chumba hiki, nani ataniambia jino langu si jino. Nikafikiri umekwisha kuzoea wodi yako yenye taa na daktari, na Nakarumbi ni popo na mikoko. Nikasema moyoni, nimwambie arudi kesho, wewe ndiye mwenye maisha yako. Hilo ndilo lililokuwa neno la haki. Lakini Mariamu alikuwa bado pale kwenye ngazi, anajaribu kunyanyuka, anashindwa, anajicheka mwenyewe.

Nimepokea, Agnes. Nimepokea bila kukuuliza. Wamekwenda Ufukoni kwa jamaa zao, kesho baada ya sala ya alfajiri watakuja na lori mpaka hapa uwanjani. Ukikataa, nitautoa huu mkaja kwa mikono yangu miwili, nitampigia magoti Bi Somoe mbele ya majirani, na aibu itakuwa yangu peke yangu. Sikulazimishi. Sema tu. Sema lolote, unanitisha ukinyamaza.

...

“Tumbo lake limeshuka?”

Nini?

“Huyo Mariamu. Limeshuka, au bado liko juu?”

Mimi nitajuaje? Limeshuka, nadhani. Akikaa anapanua magoti, mkono kiunoni muda wote.

“Na miguu? Imevimba?”

Alivaa ndala, vidole vimejaa kama ndizi. Agnes, unakwenda wapi? Hilo sanduku umelivuta la nini, na muhogo haujaiva? Taratibu basi, utalivunja bawaba. Ngoja, hiyo blauzi ni yangu. Haya, ichukue. Chukua na ile sabuni ya kipande, usituachie sisi wa mjini. Huko unakokwenda sabuni inashughulikiwa. Hapana, silii, ni moshi.

Kunja vizuri, nikushikie upande huu. Bado sijakusimulia Elizabeti alivyonifuata nyuma ya ofisi, alivyonishika bega, na aliloniambia. Tuache, leo nitalisema kwa kijicho nikaliharibu. Nitakwambia kesho, hata kama itabidi nilipande hilo lori niteremkie njiani.