Dungu la Magurudumu

Mzee Nasibu hakuwa na mke. Hakuwa na jino la mbele upande wa kulia, hakuwa na mtu wa kumkuna mgongo pale mkono usipofika, wala wa kumwambia kwamba vifungo vya shati amevipishanisha. Hakuwa na cheti cha sekondari, maana kusoma alianza ukubwani, kwenye darasa la jioni, ndevu zikiwa zimeshamtoka, taa ya chemli ikimtoa machozi. Hakuwa na mtu wa kugombana naye juu ya chumvi ya mboga. Na hakuwa na ulimi wa kusema nimekosa. Wengine huzaliwa nao, wengine hufundishwa na mama zao. Yeye uliwahi kumfikia mara mbili tatu hapo kooni, akaumeza.

Alichokuwa nacho ni gari.

Lilikuwa gari refu la foo-wili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, jeupe, lililobeba watafiti wa mikoko kwa miaka mingi, kisha likaachwa nyuma ya gereji moja pale Kibiti mpaka kuku wakalitagia. Nasibu aliwahi kuwa dereva wa malori ya boriti, na injini alizijua kama mtu anavyowajua wanawe. Alilinunua likiwa ganda, akalikokota hadi kwake Mtawanya, akalifufua kwa miaka miwili. Aling'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao za mkongo na visanduku viwili vya nguo chini yake. Akafunga jiko la gesi la plati mbili, dumu la maji lenye bomba, paneli ya sola juu ya paa, na chandarua kinachoshuka kwa kamba. Ubavuni akatengeneza turubai la kukunjua, likawa baraza.

Watu wa Mtawanya walipoona kitanda ndani ya gari walicheka hadi wakakaa chini. Wakalipa jina: Dungu la Magurudumu.

Hawakukosea sana. Mkulima wa bonde la Rufiji mpunga ukianza kubeba huhama kijijini na familia yake, akaishi shambani ndani ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Mchana wanaamia ndege wasile mpunga, usiku wanafukuza nguruwe. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukimwuliza mzee yeyote wa bondeni ni wapi alipowahi kuzungumza na mkewe bila haraka, atakwambia dunguni. Nasibu na Waride walihamia dunguni misimu ishirini na miwili. Huko ndiko walikomlea Hajira, binti yao wa pekee, ambaye sasa yuko Dar es Salaam na watoto wake. Huko ndiko Waride alikozoea kusema, miguu ikining'inia, "Baba Hajira, ingekuwa dungu hili linatembea, ungenipeleka hadi kwetu, tukalale tunasikiliza maji ya chumvi." Naye hujibu, "Iko siku."

Msimu wa ishirini na tatu ndio ulioharibu. Nasibu alikuwa safarini na lori. Nyuma yake zikaja habari kutoka Nyamisati kwamba mama yake Waride amezidiwa. Waride akaenda bila kungoja ruhusa, shamba akalikabidhi kwa jirani, na jirani akalala. Nasibu aliporudi alikuta ndege kwelea wameshapita, mashuke yamebaki makapi. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alikaa akachukua kalamu, na kwa ule mwandiko wake ambao nusu ya Mtawanya walikuja kuuomba kwa barua zao, akaandika talaka moja, akampa dereva wa boriti aipeleke.

Siku ya tatu alijuta. Kumrejea ilikuwa jambo la maneno mawili mbele ya mashahidi, maadamu eda haijaisha. Akasema moyoni, na aje yeye kwanza. Akaja Hemedy, kaka mkubwa wa Waride, kutafuta suluhu. Mwaka ule mto ulikuwa umefurika, na Hemedy alitembea na maji kifuani. Nasibu alimwacha barazani, hakumpa hata maji ya kunywa, akamwambia, "Nyinyi watu wa delta mnajua kukata miti. Ndoa hamuijui." Hemedy aliinuka akarudi kama alivyokuja. Eda ikaisha. Miaka kumi na minne ikapita, na katika hiyo hapakuwa na siku hata moja ambayo Nasibu aliipua chai asimimine vikombe viwili, kisha kimoja akakirudisha birikani.

Basi mwaka huu, mavuno yalipokwisha na bonde likakauka, Mzee Nasibu aliwasha gari lake akaondoka.

Hakuwa na haraka. Kwanza aliteremka bondeni, kwenye shamba la zamani ambalo sasa linalimwa na watu wengine, akaegesha mahali dungu lao lilipokuwa limesimama. Hata shimo la nguzo hakuliona. Alilala pale siku mbili akipika bada la muhogo na kambare mkavu, akisikiliza viboko wanavyogombana upande wa mto. Asubuhi ya tatu alirudi juu, akapita Kibiti, akashika lami hadi Bungu, kwa dada yake Mwamini, anayeuza korosho barabarani.

Mwamini alizunguka gari mara mbili, mikono kiunoni.

"Kaka, unahama au unaoa?"

"Natembea."

"Mtu wa miaka sabini na moja anatembea na kitanda?"

"Wazungu wanatembea hivihivi."

"Wazungu wake zao wamo ndani." Akachungulia dirishani. "Na mito miwili! Umemwambia kama unakwenda?"

"Nimwambie nani?"

"Babu wee! Ukichepuka hapa unaishia Nyamisati, mbele yake ni maji. Unakwenda kumposa papa?"

Nasibu alijifanya anakagua tairi. Mwamini akampakulia korosho kwenye gazeti, sauti yake ikashuka. "Ukifika usimhutubie, kaka'ngu. Hapo ndipo unapoharibu. Mwambie kitu kimoja tu, halafu funga mdomo."

Njia ya kwenda Nyamisati ni ya mchanga, na gari lilikwenda vizuri, foo-wili ikifanya kazi yake. Nasibu alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Alifika saa nne asubuhi. Akaona mahali pazuri kupita kiasi: uwanda wa mchanga wa kijivu, mgumu, tambarare, mikoko ikiuzunguka kama ua. Akaegesha hapo, akakunjua turubai, akatandika mkeka, akapika, akaiweka sufuria mkekani.

Hapa ndipo mtu wa bondeni alipojidhihirisha. Mtu wa bondeni anajua maji yanayokuja na msimu. Akitazama mbingu akaiona safi, analala. Delta maji yanafuata mwezi, na siku ile ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo, bamvua lenyewe, maji yanapojaa kupita siku zote. Nasibu alikuwa mkwe wa Nyamisati miaka yote ile, lakini mkwe hukaa barazani akapikiwa. Nani atamwonyesha bahari inapofika? Alasiri akaenda msikitini. Aliporudi mkeka wake ulikuwa unaelea, sufuria inafuatia, na gari limezama nusu ya magurudumu.

Alivua viatu akaingia. Injini ikawaka, magurudumu yakazunguka, gari likazidi kujichimbia. Wapagazi wa boriti waliokuwa bandarini wakaja mbio, vikoi vyao wamevikunja mapajani, wakiongozwa na mzee mmoja mfupi, mfanyabiashara wa boriti aitwaye Talib, ambaye Nasibu alimbebea mizigo zamani.

"Nasibu! Umekuja kuvua kwa gari?"

"Sukumeni, bwana!"

"Tunasukuma. Lakini kwanza utueleze, samaki wa foo-wili analiwa na nini?"

Walitupa boriti chini ya magurudumu, wakasukuma kwa wimbo, na katikati ya kelele zile Nasibu akasikia kicheko. Kilitoka ukingoni, kati ya wanawake waliokuja kutazama. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena. Miaka kumi na minne, na bado alikijua kuwa ni cha Waride. Gari lilipanda nchi kavu bila yeye kujua limepandaje.

Waride alisogea wapagazi walipotawanyika. Amenenepa kidogo, amevaa miwani, kanga imelowa pindoni. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni.

"Baba Hajira. Hujambo?"

"Sijambo, mama Hajira."

Hotuba yote ilimtoka kichwani. Alifungua mlango wa ubavuni ili mwenziwe aone. Waride akatazama kitanda, jiko, chandarua, visanduku viwili. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Umelitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hili linatembea."

"Naona. Linaogelea pia."

"Twende," akasema Nasibu, na huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno aliyokuwa nayo. "Twende Kilwa, twende popote. Ingia uone ndani."

Waride hakusogea. Aliinua mkono, akagusa fremu ya mlango kwa kidole, akaurudisha.

"Nikiwa nani, Nasibu?"

Nasibu alikishika kitasa cha mlango.

"Nakuuliza. Niingie humo nilale, nikiwa nani? Mie si mkeo. Hapa nilipo hata kusimama nawe ni kwa kuwa watu wanatuona."

"Nitakuoa. Kesho twende kwa shehe."

"Kesho?" Akacheka, lakini si kile kicheko cha kwanza. "Umri huu nitoke kwetu kama niliyeokotwa njiani? Mie nina kaka. Posa inapelekwa kwake, kwa barua, na mshenga wa kuipeleka."

"Hemedy?"

"Ninaye mwingine?"

"Hemedy hatanisikia."

"Huenda. Yuko Kilindoni, Mafia, macho bado anayo, atasoma." Akavuta kanga begani. "Aliporudi kutoka kwako aliugua wiki tatu kwa yale maji, ulijua? Hukujua. Hukuuliza. Nami sikuolewa tena, wala usidhani ni kwa ajili yako. Lakini jibu langu litapita mdomoni kwake. Kama huwezi kumwandikia, geuza dungu lako. Barabara unaijua."

Akaondoka. Nasibu alibaki amesimama mbele ya mlango ulio wazi. Kilichomwumiza ni kwamba kila kitu kilikuwa pale, kimepimwa kwa kimo chake na cha yule mwanamke, na hatua tatu tu zilikuwa zimebaki.

Kesho yake asubuhi alikaa barazani kwake na karatasi. Barua ya kwanza ilijaa kurasa mbili: kwa heshima na taadhima, kwa kuzingatia udugu wetu wa miaka mingi. Aliisoma kwa sauti, akaipenda, kisha akagundua kwamba Waride ametajwa mara moja na Nasibu mara kumi na saba. Akaichana. Ya pili iliwataja kwelea, mafuriko, jirani aliyelala. Kila mwenye kosa alikuwamo isipokuwa mwandishi. Akaichana nayo. Ya tatu alikwama kwenye mstari wa kwanza, kalamu hewani, kama zile jioni za darasani alipoogopa kuandika herufi mbaya mbele ya vijana wadogo kuliko yeye. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akaenda kusali, akarudi, akaandika bila kuinua kichwa:

*Kwa Bwana Hemedy, Kilindoni. Asalaam aleikum. Mwaka wa mafuriko ulikuja kwangu kwa ajili ya dada yako. Nilikuacha barazani na kiu, nikakutukana. Nilikosa. Jana ndipo niliposikia kwamba uliugua. Nilikosa tena kwa kutokuuliza. Namposa Waride, kama yeye ataridhia na wewe ukiridhia. Ukikataa, hutakuwa umenionea, na mimi nitarudi Mtawanya. Niwie radhi. Nasibu.*

Hakuisoma mara ya pili, maana alijijua: angeirekebisha.

Talib alikuja saa tisa, begi mkononi, kwani alikuwa na safari ya Mafia kwa boti ya alasiri. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Nyamisati si mji mkubwa.

"Nasikia unatafuta mshenga."

"Utakwenda?"

"Jana nimekusukuma, leo nitashindwa? Ila nikifukuzwa na Hemedy, utanilipia viatu, maana nitakimbia." Akaitazama karatasi. "Ukurasa mmoja? Wewe? Unaumwa?"

"Nusu ukurasa."

Talib akaacha mzaha. Alimtazama usoni kidogo, akatazama pembeni.

"Hemedy ana hasira ndefu, Nasibu. Nisikudanganye."

"Najua."

"Akisema hapana?"

"Basi ni hapana." Alilisema hilo taratibu, na kila neno lilikuwa zito kulitoa. "Lakini aipate mkononi mwake. Usimwachie mtoto wala jirani. Ukae mpaka amalize kusoma."

Alikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha pamoja na noti ya kufungulia barua, kama desturi ilivyo. Akaandika jina la Hemedy juu yake, kwa herufi za kawaida zisizo na madoido. Akaramba gundi, akaubana mdomo wa bahasha kwa dole gumba kutoka mwisho hadi mwisho, akashikilia pale kwa muda, hata gundi ilipokuwa imeshakauka. Bandarini honi ikalia. Talib akanyoosha mkono, na Mzee Nasibu akampa barua.