Aiskrimu Isiyoyeyuka

Sahani mbili juu ya stuli, jua la saa saba, Idd Pili, mbele ya duka la Bashiru pale Mpanda mjini. Moja aiskrimu yangu, nyingine yake, nimeinunua dirishani kwake mwenyewe. Yangu ilishaanza kulala pembeni. Yake imesimama tu, nyeupe, kama kipande cha chokaa.

"Oya Masunga, yako inakufa hiyo!" Watu wakacheka.

Bashiru akatoka na kanzu mpya, akaegemea mlango. "Mwacheni. Mtoto wa ng'ombe anajifunza biashara."

Nilishasubiri miezi minane, nusu saa ingenishinda?

Miezi minane nyuma, kwenye mlango huohuo, alimwaga maziwa ya mama yangu. Miaka sita mama alikuwa anamletea kila asubuhi kwa baiskeli, kutoka zizini kwetu njia ya Sitalike. Siku hiyo, wateja wamejaa, Bashiru akafungua ndoo, akachovya kidole, akaipindua yote mtaroni.

"Nyanzala, unatia maji."

Basi. Mama aliokota kifuniko, akakifuta kwa kitenge, akaondoka anaisukuma baiskeli. Hakuipanda. Wiki hiyohiyo hoteli mbili nazo zikamkataa. Mjini hakwenda tena. Akabaki nyumbani anasuka kibuyu cha maziwa kitoe samli, asubuhi mpaka jioni, kama anamnyonga mtu.

Mimi nilikuwa najua ukweli, maana ndiye niliyekuwa namwoshea Bashiru mashine. Shule niliacha darasa la sita, ila kusoma naweza. Stoo kulikuwa na gunia la unga wa gundi, ile gundi ya kuliwa. Anachanganya na maziwa ya unga, maji ya bomba na kichupa cha harufu ya vanila. Ya ng'ombe hakuyataka tena. Sasa wateja angewaambia nini? Ikabidi mama yangu awe mwizi.

Niliacha kazi siku ileile alipomwaga maziwa, nikaanza kutafuta aiskrimu ya kweli. Vanila ilitoka Bukoba kwa basi, maganda matatu meusi. Barafu alinipa Audace, utingo wa lori la samaki la Ikola, inanuka migebuka. Chumvi ya Uvinza. Malai ya juu ya maziwa ya mama, viini vya mayai, sukari. Nikatia vyote kwenye ndoo ileile ya bati aliyoipindua Bashiru, nikaizika kwenye beseni la barafu na chumvi, nikasuka kama mama anavyosuka kibuyu. Ikawa siagi. Nikarudia. Siagi tena.

"Unasuka na hasira," mama akasema. "Taratibu."

Ya tatu ikakubali.

Sasa pale kwenye stuli, aiskrimu yangu ikawa maziwa matupu. Nikaichukua sahani, nikampa Bi Mwamvita, mama mtu mzima anayekula kwa Bashiru tangu duka lifunguliwe. Akanywa, akafumba macho.

"Haya maziwa nayajua. Ndiyo yale ya zamani." Akanigeukia. "Mwanangu, nipe na hiyo nyingine."

Akachovya kidole. Imeshapata moto, na bado imesimama. Alipovuta kidole ikamfuata, ndefu, kama kamasi.

"Bashiru," akasema, "kula kwanza wewe, tuone."

Bashiru akaingia ndani.

Mwezi haujaisha, mke wake, Hadia, akaja kwetu na ndoo. Wateja wanadai maziwa ya ng'ombe, na wafugaji wengine wamegoma kumuuzia. Mama akamrudisha. "Aje mwenyewe."

Bashiru akaja Jumapili, viatu vyote mavi ya ng'ombe. Mama akakamua mbele yake mpaka ndoo ikajaa, akachota kikombe.

"Kunywa."

Akanywa.

"Kuna maji?"

"Hakuna, mama."

"Sikusikii."

"Hakuna maji, Mama Masunga." Anaangalia chini. "Na siku ile hayakuwa na maji."

Akasogeza ndoo yake mbele. Mimi nikainama niipokee, nikijua ndiyo imeisha hivyo, tunasameheana.

Mama akafunika ya kwake.

"Nilikuwa nauliza tu," akasema, akaenda kuwafungulia ndama.