Milimita Nne

Mjomba alikuwa juu ya ngazi akipima dirisha la darasa la watoto wadogo. Mimi nilikaa chini kwenye kidawati kilichonipandisha magoti hadi kidevuni, daftari mapajani, simu mkononi tayari kwa hesabu.

"Upana, inchi kumi na saba na mistari saba!" alisema. "Nimeshatoa nafasi ya kioo kupumua. Urefu, ishirini na nne kavu. Madirisha yote ni hayohayo."

Nikaandika 17.7 kwa 24.

Kwa miaka thelathini Mjomba alikuwa amepima kwa inchi na kukata kwa inchi, kwa mkono wake. Hakuwahi kuhitaji kubadilisha kipimo. Lakini kazi hii ilikuwa ya vioo arobaini, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili, kwa hiyo ilibidi vikatwe kwa mashine kiwandani. Na kiwandani hawataki kusikia habari za inchi, wanataka milimita. Ndipo akanikumbuka mimi, mpwa wake niliyemaliza chuo kikuu na kukaa nyumbani nikisubiri kazi.

"Inchi moja ni sentimita mbili na nusu," alinielekeza.

"Mbili nukta hamsini na nne, Mjomba. Hiyo nne unayoiacha ndiyo huja kuwa balaa."

Alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Haya, Profesa! Kumbe miaka yote hii nazidondosha nne njiani!"

Nilifurahi kuitwa Profesa. Nilipiga hesabu, nikapata milimita 450 kwa 610, nikaziandika kwenye karatasi kwa mwandiko wangu mzuri. Mjomba aliikunja karatasi bila kuisoma. "Nikague nini mimi, mtu wa darasa la saba?"

Vioo vililetwa Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kutazama. Mjomba alibeba kioo cha kwanza akakisimamisha kwenye fremu, zile za chuma za zamani zenye ukingo mwembamba kama ukucha. Juu na chini kilikaa sawa. Kushoto kilishika. Kulia ulibaki mwanya, na jua likapita. Akakisukuma kulia, mwanya ukahamia kushoto. Akajaribu cha pili, na cha tatu.

"Mzee, vioo vyako vimekonda njiani?" alitania mchomeleaji aliyekuwa akitengeneza geti.

Mwalimu mkuu hakucheka. "Fundi, hivi vilipimwa na nani?"

Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali. "Nilipima mimi, Mwalimu. Hesabu alipiga huyu binti, na huyu amesoma. Kwa hiyo kosa ni la macho yangu."

"Mjomba, pengine..." nilianza.

"Acha, mama. Macho hayana spea."

Mwalimu mkuu alimheshimu, lakini watoto wasingeweza kusomea kwenye upepo. Kazi akapewa fundi mwingine.

Mchana ule, nyumbani, nilichukua futi ya kupimia kwenye mfuko wa zana wa Mjomba. Nilitaka tu kuelewa. Niliweka ukucha kwenye kumi na saba, nikahesabu mistari mpaka kumi na nane. Nane. Nikahesabu tena. Inchi ya Mjomba ilikuwa imegawanywa mara nane, nami niliichukulia kama sentimita, yenye sehemu kumi. Mistari saba ilikuwa saba kati ya nane, si saba kati ya kumi. Upana ulipaswa kuwa milimita 454. Nilimfundisha kutoiacha ile nne ndogo, na mimi sikuwa hata nimeinuka kwenye kidawati kuutazama utepe wake.

Mjomba alikuwa uani, hatua kumi kutoka niliposimama. Nilirudisha futi mfukoni.

Nilijiambia nitasema akishapumzika. Jumanne walikuja wageni, na mama akanitambulisha tena kwao kama msomi wa ukoo. Jumatano nilimkuta Mjomba mlangoni, amefunika jicho moja kwa kiganja, anatazama kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Kisha akafunika la pili. Nilipita. Kweli nilipita.

Alhamisi nilimkuta akimkabidhi mchomeleaji ngazi yake.

"Chukua, bwana. Itakufaa kuliko mimi."

"Mjomba, usimpe," nikasema, na machozi yakanitangulia. Nilimletea futi na daftari, nikamwonyesha. Mchomeleaji akajifanya anatafuta kitu mbali.

Mjomba alihesabu mistari polepole, kidole kikigusa mmoja mmoja. "Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Uligundua lini?"

"Jumatatu."

"Kukosea hesabu si kitu, mwanangu. Mimi nimevunja vioo vingapi? Lakini jana uliniona pale mlangoni."

Hata "nisamehe" niliyoitoa ilitoka ndogo.

Siku ileile nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza kosa ni langu. Madirisha yalikuwa yameshatiwa vioo na yule fundi mwingine. Aliahidi kumpa Mjomba ya maktaba, na alitimiza. Ngazi ilirudi, na Mjomba akarudi juu yake. Mimi nilidhani ukweli ukishasemwa, kila kitu hurudi mahali pake.

Pale maktaba alivuta futi, akaitazama kwa muda mrefu, akataja namba. Sikuiandika mara moja. Siku hizi nasubiri.

"Hebu panda unisomee na wewe," akasema.

Nilipanda nikasoma. Ilikuwa ileile aliyoitaja, mpaka mstari wa mwisho.

"Ni hiyohiyo, Mjomba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliitikia kwa kichwa, akashuka, akasogeza ngazi kwenye dirisha la pili. Akapima. Kisha akaniita tena.